Damu Nayo Ikae Eda

Mtu aliyeniita mchafu bado anaishi Rumonge, na kila nikimwona anatembea kwa miguu yake mwenyewe ninamshukuru Mungu. Sitaki afe. Tangu mambo yale yaishe ninamwombea umri mrefu na kumbukumbu nzuri, hasa kumbukumbu.

Aliponiposa nilikuwa mjane wa muda mrefu. Wanangu walikuwa wameshaoa na kuolewa, na kazi yangu ilikuwa ileile niliyorithi kwa mama yangu: kila alasiri wasichana wa mtaa walikuja uani kwangu kusoma dini. Walitandika mikeka, wakatawadha kwa zamu kwa birika langu la plastiki, kisha tukaanza. Sikuwa na haja ya mume. Lakini kaka yangu, anayeuza mawese karibu na soko, alinijia akasema mwanamke haifai azeeke akizungumza na kuku wake tu. Mchumba alikuwa mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, mtu wa kofia safi na sauti nzuri ya adhana, leo yuko Nyanza-Lac, kesho Bujumbura. Msikiti mzima ulimsifu. Nami nilikubali, kwa shukrani, baada ya Idi.

Tulikaa siku chache kama mume na mke, nyumbani kwangu, kwa halali. Sioni haya kuliandika hilo, maana aibu yote niliyovishwa baadaye ilishonwa kutokana na halali hiyo. Kisha akapanda basi dogo kwenda Nyanza-Lac kununua samaki.

Alipokuwa huko nikashikwa na homa. Mitoki ikanivimba. Haja ndogo ikawa kama mtu amenimwagia pilipili, na nilipojitazama nikaona malengelenge madogo, yamekaa pamoja kama vifaranga, mengine yameshapasuka. Katika umri wangu nilikuwa nimezaa, nimezika na nimeuguza watu wa kila aina. Kitu hicho sikuwa nimekiona.

Nilimwambia wifi yangu, mke wa kaka yangu, kwa kuwa alikuwa mtu wa karibu na mdomo wake una mlango. Alitazama, akarudi jikoni, akaja na mawese ya uvuguvugu na nusu ya ndimu.

"Paka hii, dada. Kesho itakuwa imekauka."

"Isikauke," nikamwambia.

"Unataka kuumia?"

"Nataka muganga wa hospitali aione."

Akaniangalia kama mtu aliyepandwa na wazimu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu jambo moja moyoni: kidonda kile hakikuja na upepo wa ziwa. Kama kilikuwa na habari ya kusema, nilitaka kiseme kabla ndimu haijakiziba kinywa. Nikalala nacho kibichi usiku ule, nikiuma upande wa kanga.

Asubuhi nilimpigia simu mume wangu. Sikumlaumu. Nilimsalimu vizuri, nikamwambia nimepata malengelenge mahali pa siri, nikamwuliza kama naye aliwahi kupatwa na kitu cha namna hiyo, ili tutibiwe wote wawili. Nikasikia nyuma yake watu wakibishania bei ya ndagala.

"Nitarudi," akasema, akakata.

Hospitalini nilipokelewa na daktari, binti mdogo kuliko mtoto wangu wa mwisho, aliyeletwa kutoka Bujumbura. Alifunga mlango kwanza, ndipo akaniuliza. Jambo hilo peke yake lilinifanya nimwamini.

"Mama, hii inafanana na herpesi," alisema alipomaliza kutazama. "Lakini macho peke yake hayatoshi. Nitachukua maji ya kidonda kwa pamba, na damu kidogo."

"Damu ya nini, na kidonda kiko hapa?"

"Kidonda kitatuambia kama iko. Damu itatuambia kama iko tangu zamani. Umefanya vizuri kutopaka kitu. Wengine wanafika hapa wamejipaka hata sabuni ya mawese na majivu, hatupati cha kupima."

Nilifurahi kwa furaha isiyo nzuri. Nilimwuliza lililokuwa likinikosesha usingizi kuliko maumivu, nalo ni lile birika. Wasichana wangu wanalishika kwa mikono, wanakaa juu ya mikeka yangu, wananywea kikombe changu. Mjukuu wangu hulala ubavuni kwangu.

"Birika halina neno," akasema. "Mkeka hauna, choo hakina. Hii inapita ngozi kwa ngozi, pale watu wanapokutana. Wakati wa vidonda inapita sana, na hata bila vidonda inaweza kupita. Ndiyo maana wengi wanayo na hawajui. Lakini mutoto hawezi kuipata kwa kukaa uani kwako. Ukigusa kidonda, nawa mikono tu."

Akanipa vidonge, akasema sampuli zitakwenda kupimwa labo Bujumbura. Nikamshukuru kwa Kirundi, murakoze, nikarudi nyumbani nikitembea kama bata.

Mume wangu alirudi siku iliyofuata. Hakuja kwangu. Alikwenda nyumbani kwa kaka yangu na wanaume wawili wa msikitini, wakakaa uani, wifi akawapikia kahawa. Mimi niliitwa nikakaa nyuma ya pazia la mlango, karibu kiasi cha kuona mkono wake ukizungusha kikombe.

"Shemeji," akamwambia kaka yangu, "mulinipa mwanamke mgonjwa."

Kaka yangu akaweka kikombe chini. "Mgonjwa wa nini?"

"Ugonjwa wa uasherati. Amenipigia simu mwenyewe akakiri. Mimi nilipima damu Bujumbura kabla ya ndoa. Niko mzima, na naapa kwa Mungu. Mjane wa miaka yote hiyo, mlango wake unafunguliwa na nani, nyinyi ndio mnajua."

Hakuna aliyemwuliza alipimwa nini. Kwetu mtu akisema "nimepima damu" basi amekwisha kuoshwa, kama kwamba damu ni bido ya mawese, yaani dumu, ukiifungua unaona vyote vilivyomo kwa mara moja. Wale wanaume wawili walitikisa vichwa.

Kisha akanipa talaka. Moja ingetosha. Lakini alitaka watu waone ukubwa wa kinyaa chake, akazitoa tatu kwa mfululizo, kila moja na sauti ya juu kuliko iliyotangulia. Ile sauti nzuri ya adhana. Nilizipokea nyuma ya pazia, moja, mbili, tatu, na hata katika uchungu ule nikasema alhamdulillahi. Alifikiri ananifungia mimi mlango kwa funguo tatu. Nilijua kwamba talaka tatu hazina kurejeana, na hatakuwa na ufunguo wa nne wa kuufungulia.

Habari ilifika sokoni kabla ya kahawa kupoa. Alasiri ile walikuja wasichana wachache. Siku iliyofuata alikuja mmoja, na mama yake alimfuata kumchukua.

"Mwalimu, usikasirike," yule mama alisema, akisimama mbali na birika kama kwamba lingemrukia. "Wanasema inaambukiza."

"Wanasema nani?"

"Watu."

"Watu wana jina moja siku hizi," nikamwambia. "Nenda salama."

Nikakunja mikeka. Kwa mwanamke kama mimi, msomo ule ndio ulikuwa mkono na mguu. Kukaa bila mume naweza, na nilikwisha kuzoea. Kukaa alasiri nzima nikisikia watoto wa watu wakipita nje ya ukuta wangu bila kuingia, hilo sikuliweza. Nilikuwa nimeshaanza eda, sitoki ila kwa haja, na kila mtu alidhani ninajificha. Nilimwomba Mungu mambo mawili. La kwanza subira. La pili siliandiki, ila lilimhusu mfanyabiashara wa ndagala.

Majibu yalipokuja daktari aliniita. Kidonda kilisema ni herpesi, ile aina ya pili. Damu ilisema haina habari.

"Basi mmoja wao ni mwongo," nikasema.

Akacheka. "Hapana, mama. Wote wanasema kweli. Ugonjwa ukiingia, damu haiandai jibu siku ileile. Inachukua wiki nyingi, hata miezi mitatu. Kama ungekuwa nao tangu zamani, damu ingekuwa imeshajibu. Kidonda kinasema ndiyo na damu haijajua bado: maana yake ni mgeni. Umeupata juzi tu."

"Unaweza kusimama mbele ya watu ukasema hivyo?"

"Ukinipa ruhusa, naweza kumweleza mtu unayemtaka. Lakini tupime damu tena baada ya miezi mitatu. Ikigeuka, hapo hakuna wa kubisha. Na ujue kipimo kitasema ni lini tu. Hakitasema jina la mtu."

"Jina ninalijua," nikamwambia.

"Na yeye pengine hakujua, mama. Wengi wanaishi nayo hawajaona hata kidonda kimoja. Aina ya kwanza, ile ya malengelenge ya mdomoni, nusu ya mji inayo tangu utoto na hakuna anayepewa talaka kwa ajili yake. Hii si hukumu ya mtu. Inalala, inaamka, ina dawa ya kuituliza. Mtu anaweza kuwa nayo na kuwa mume mwema, akisema ukweli."

"Huyu hakusema ukweli. Aliapa."

"Alipima nini?" akauliza.

Ndipo nikatambua kwamba swali hilo dogo, lenye maneno mawili, lilikuwa limekosekana katika uwanja wote wa kaka yangu, wanaume watatu na birika zima la kahawa.

Daktari alinieleza kwamba watu wanapopima kabla ya ndoa mara nyingi wanapimwa Ukimwi na kaswende. Herpesi haimo, labda mtu aiombe. Labo inajibu ilichoulizwa. Nikaaga, nikaenda moja kwa moja kwa shehe wa msikiti wetu, nimejifunika, na wifi yangu akinisindikiza kama sheria inavyotaka.

Shehe ni mtu mpole anayechukia kelele. Alinisikiliza akikuna ndevu.

"Bibi, unataka nini? Talaka imekwisha kupita. Sitara ni bora."

"Sitara yangu nani aliivua? Ninakaa eda, shehe. Nieleze, ninakaa kwa nini? Hedhi ilikoma wajukuu hawajazaliwa. Hakuna mtu Rumonge anayetarajia mtoto kutoka tumbo hili."

"Ni amri ya Mungu. Miezi mitatu."

"Na mimi ninaitii na kushukuru. Kama tumbo ambalo mji mzima unajua ni tupu linangojewa miezi mitatu kabla ya kusemewa neno, basi damu nayo ikae eda. Yangu na yake. Siku ninapotoka, tupimwe wote wawili ugonjwa huu wenyewe, kwa jina lake. Aliyenihukumu siku ya pili hakungoja hata homa yangu ishuke."

Wifi akakohoa ndani ya ushungi wake. Shehe akaacha kukuna ndevu, akasema atamwita. Kaka yangu alipoelezwa jioni yake alisema kwa njia yake: "Ni kweli. Mawese ya leo huwezi kujua. Yaache yatulie ndani ya bido, maji yataonekana chini."

Shehe alimwita yule mfanyabiashara. Nilisimuliwa kwamba alicheka.

"Hata kesho," alisema. "Na siku hiyo, shehe, uingie na mimi kwa muganga, usikie mwenyewe kwa masikio yako, asije mtu kusema nimeficha."

Aliomba mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Niliposikia hayo nilisali rakaa mbili za shukrani, nikakaa kungoja.

Sijapata kungoja kwa utamu namna ile. Watu wanadhani subira ni kukunja mikono. Mimi niliishona subira yangu kila siku kama mtu anayeshona nguo ya sherehe. Nilifua mikeka, nikaikunja. Nilisugua birika mpaka likang'aa. Malengelenge yalikauka, yakarudi mara moja, madogo, yakakauka tena, na yaliporudi sikulia. Niliwaambia, bado mko nami, vizuri, msiondoke bila kutoa ushahidi. Na sikumsema mtu yule kwa yeyote. Mawe yangu ya kumrushia niliyaweka mahali pamoja, yangoje siku yake.

Eda ilipokwisha nilitoka, nikatoa damu. Yeye alitoa yake siku hiyohiyo. Majibu yaliporudi kutoka Bujumbura, aliingia kwa daktari na shehe ubavuni, kama alivyotaka.

Nilichojua nilikijua kwa uso wa shehe alipopita kwetu. Hakusema, maana si yake kusema. Aliniambia tu, "Amekubali kuja. Uani kwa kaka yako, baada ya sala ya alasiri."

Nilimwomba wifi atoe vikombe vilevile. Niliomba na wale wanaume wawili waitwe. Pazia nililifunga kando nikakaa mlangoni, ninaonekana. Damu yangu ilikuwa imegeuka: sasa ilijibu ndiyo. Daktari alikwisha kumweleza shehe kwa ruhusa yangu, na shehe akaeleza polepole, jinsi kidonda kilivyosema mapema na damu ikachelewa, kwamba mtu aliyekuwa na ugonjwa tangu zamani damu yake haichelewi. Kwa hiyo mimi niliingia ndoani bila nao. Kisha akamgeukia aliyeniacha.

Mfanyabiashara wa ndagala aliongea akitazama kahawa.

"Nami iko," akasema.

"Masikio yangu ni ya kizee," nikasema. "Sikusikia."

Kaka yangu akaangalia pembeni. Nadhani alikuwa anacheka.

"Iko ndani ya damu yangu pia," akasema. "Lakini sikujua. Wallahi sikujua. Kule Bujumbura walinipima Ukimwi na kaswende tu. Mimi nilidhani wamepima yote."

"Hapo ninakuamini," nikamwambia. "Mungu hamwandikii mtu asichokijua, na mimi ni nani nikuandikie. Lakini kimoja ulikijua. Ulijua kwamba hujui, na bado ukaapa. Ukauliza mlango wangu unafunguliwa na nani. Nijibu leo mbele yao. Ulifunguliwa na nani?"

Akazungusha kikombe. Mmoja wa wale wanaume wawili akasema, "Mjibu mama, tuondoke."

"Na mimi," akasema. "Mimi tu."

Kisha, kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi, akasema kwamba sisi wote ni wazee, ugonjwa ni mmoja, hakuna tena wa kumwambukiza mwenzake, na ingekuwa heri turudiane, watu wanyamaze.

Shehe akaweka kikombe chini. "Ulitoa ngapi?"

"Nilihesabu mimi," nikasema. "Zilikuwa tatu. Nzuri, za sauti."

Wifi alikimbilia jikoni akijifunika mdomo.

Niliombwa kusamehe. Shehe alinikumbusha thawabu za msamehevu, na ninazijua, nimezifundisha wasichana wa mtaa huu. Nikamwambia kwamba haki yangu na ya Mungu nitaiacha kwa Mungu, lakini haki ya mikeka yangu ninaitaka hapahapa. Kulikuwa na nyumba ambamo neno lake liliingia. Aingie mwenyewe, mchana, na shehe, aseme kwa kila mama aliyemtoa binti yake: mwalimu alikuwa safi, mimi ndiye niliyekuja nao, na birika halina neno.

"Nyumba zote?" akauliza.

"Ulipotaka lifike hukuchagua nyumba."

Alikwenda. Alitembea siku ya soko, kofia yake safi kichwani, shehe akitangulia. Nilikaa mlangoni kwangu nikichambua maharage, na kutoka nyumba ya jirani nilimsikia akianza, akikwama kwenye neno "mimi", akianza tena. Kule ndani mama mmoja akamwuliza kwa upole kabisa, "Wewe ndiye, baba? Wewe mwenye adhana?" Sijawahi kuchambua maharage safi kama yale.

Wasichana walirudi, kwanza wawili, halafu wote. Yule mama wa kwanza alimleta binti yake mwenyewe, akamsubiri atawadhe, kisha naye akainama, akalishika birika kwa mikono miwili, akanawa. Nilimpa taulo.

Ugonjwa haukuondoka. Unalala ndani yangu, na mwaka huu umeamka mara moja, kidogo, nikameza vidonge vyangu. Ukiamka ninasoma dua ya mgonjwa, na ndani ya dua kuna mtu nisiyemtaja, na Mungu anajua nani sijamtaja.

Yeye ninakutana naye sokoni karibu kila wiki, amesimama nyuma ya marundo ya ndagala, na wateja wamemzunguka. Angependa nipite kimya. Mimi nimelelewa vizuri. Ninasimama mbele yake, ninamtolea salamu kamili, ninamwuliza habari za nyumbani, za safari, za kazi, naye anajibu zote kwa sauti ndogo, kwa kuwa anajua inayofuata na hawezi kuikwepa mbele ya watu.

"Na afya?" ninamwuliza.

Wale wanawake wanaonunua wanaacha kuchagua samaki, wanamwangalia.

"Nzuri, mwalimu," anasema. "Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," ninamjibu, kisha ninakwenda kununua ndagala zangu mahali pengine.